Ameitwa auti bila kupiga hata mpira mmoja. Ampaya alikuwa sawa?

#1 MwalimuMuyeye
Salamu wadau. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi na nataka mnaoijua softiboli mnisaidie.

Timu yangu ya wasichana ilicheza mechi ya kirafiki hapa Malindi na timu ya ugenini. Iningi (awamu) ya 6, tuko nyuma 5–4, auti ni 1 (zikifika 3 timu inaacha kupiga). Mpigaji wetu wa pili kwenye orodha yuko besi ya 3, wa tatu yuko besi ya 1. Zamu ni ya wa nne. Wa nne amepiga goti, kamba ya kiatu imemkatikia, anatafuta kipande chake mchangani. Ampaya, yaani mwamuzi, akaita mpigaji. Wa tano akadhani ndiye, akachukua gongo akaingia. Mimi nilikuwa kando ya besi ya 3 nampa maelekezo mkimbiaji, sikugeuka kutazama nani kaingia.

Mrusho wa pili akauchapa upande wa kushoto, mpira ukapita katikati ya walinzi ukaenda kusimama chini ya mkilifi. Wa pili akaingia nyumbani, pale kwenye sahani anaposimama mpigaji, 5–5. Wa tatu naye akaja mbio kutoka besi ya 1, akaguswa hatua moja kabla ya sahani. Auti ya 2. Wa tano kasimama besi ya 2 anapiga makofi.

Sasa wa nne, kiatu kimeshafungwa, akaingia kupiga. Pitcha akarusha, bolu, yaani mrusho uliopita nje ya eneo la mpigaji. Hapo ndipo kocha wa wapinzani akatoka na karatasi ya orodha ya wapigaji mkononi. Ampaya akatoa yake mfukoni, akazitazama zote mbili, akaenda kumtoa wa tano besi ya 2, akafuta pointi yetu, kisha akamwambia wa nne: wewe ni auti. Auti ya 3, iningi imekwisha. Tukafungwa 5–4.

Mtoto alibaki amesimama pale, gongo begani, akiniangalia mimi. Leo Jumatatu hakuja mazoezini.

Naomba kujua: ampaya alikuwa sawa? Na kama alikuwa sawa, kwa nini auti apewe asiyepiga?

#2 TuktukTisa
Mimi softiboli siijui, lakini aliyekosa hapo ni wa tano. Kachukua zamu isiyo yake, basi yeye ndiye atolewe. Hata kwenye foleni ya maji aliyeruka ndiye arudishwaye nyuma, si aliyerukwa.

#3 KechaWaZamani
@TuktukTisa kwenye foleni ya maji, ndiyo. Kwenye softiboli orodha ya wapigaji ni ahadi ya timu. Kocha ameiandika, ameikabidhi kwa ampaya kabla ya mrusho wa kwanza, na kila jina lina nafasi yake mpaka mechi iishe. Kosa ni kwamba wa nne hakupiga mahali pake. Ndiyo maana auti yaandikwa kwa jina lake. Wa tano hapewi auti, anaondolewa tu besi kwa sababu hakuwa na haki ya kufika pale, na mara moja anarudi kupiga kwa zamu yake halali, kwa kuwa jina lake lafuata la wa nne.

Mwalimu, mambo yote yategemea kosa limegunduliwa wakati gani. Likigunduliwa mpigaji asiye wa zamu bado yuko kwenye sahani, hakuna auti. Mwenye zamu anaingia na kuendelea na hesabu ile ile ya bolu na straiki (mirusho mibaya na mizuri). Likigunduliwa baada ya kumaliza kupiga, kabla mpigaji anayefuata hajarushiwa, mwenye zamu ni auti na yote yaliyopatikana kwa mpira ule yafutwa. Likigunduliwa baada ya mrusho kwenda kwa anayefuata, umechelewa. Yaliyopita yashakuwa halali.

#4 AmpayaMstaafu
KechaWaZamani kasema vizuri, na kwa maneno yake mwenyewe kesi hii imekwisha. Msome tena mwalimu: wa nne aliingia, "pitcha akarusha, bolu". Mrusho umeshakwenda. Kitabu cha softiboli chasema hata mrusho usio halali unatosha kufunga mlango. Kwa hiyo kipigo cha wa tano ni halali, pointi ni halali, mchezo ni 5–5, auti 2, mkimbiaji besi ya 2.

Na anayestahili kupiga wakati huo si wa nne. Ni wa sita! Kwa sababu wa tano ameshahalalishwa, basi anayemfuata ni wa sita, na wa nne zamu yake imempita mpaka orodha imzungukie tena. Ampaya angemtoa wa nne kwenye sahani, akamwingiza wa sita na hesabu ya bolu 1, mchezo ukaendelea.

Nimesimama nyuma ya kecha (mdakaji) miaka mingi. Hili ndilo swali linalowachanganya waamuzi wapya kuliko yote.

#5 MwalimuMuyeye
Asante Ampaya. Kumbe tulinyang'anywa! Nimekuwa nikijilaumu siku mbili nzima.

#6 BintiMambrui
Ngoja kwanza mwalimu. Mimi nilikuwepo, nilikaa upande wa besi ya 1 na ndugu zangu. Ampaya alikuwa ameshanyoosha mkono juu kabla pitcha hajaachia mpira. Kocha yule alipiga kelele kwanza, "karatasi! karatasi!", ampaya akanyoosha mkono, pitcha akiwa tayari anazungusha bega akaachia tu. Mpira ule haukuwa wa mchezo.

#7 AmpayaMstaafu
Dada, kama mkono ulikuwa juu, basi mchezo ulikuwa umesimama na mrusho huo si mrusho. Haupigwi, hauhesabiwi, na haufungi mlango wa kudai. Hapo ampaya anakuwa sawa kumpokea kocha. Lakini mwalimu mwenyewe kaandika "bolu". Nani aliita bolu? Ampaya aliyesimamisha mchezo haiti bolu.

#8 MwalimuMuyeye
Bolu nilisema mimi kwa macho yangu, mpira ulipita mbali. Sikumbuki kumsikia ampaya akiita. Siwezi kusema uongo.

#9 TuktukTisa
Basi nimeanza kuelewa kwa nini watu hupigana kwenye huu mchezo.

#10 KusiKaskazi
Wote mwazungumza mrusho, hakuna aliyetazama hesabu ya auti. Tuseme dai lilikuwa kwa wakati wake. Wa nne ni auti, sawa. Kipigo cha wa tano kimefutwa, sawa. Sasa kama kipigo kimefutwa, wa tatu alikimbia nyumbani kwa kipigo gani? Hakipo! Wa tatu arudi besi ya 1, wa pili arudi besi ya 3, auti ziwe 2 tu, yaani ile ya mwanzo na ya wa nne. Halafu wa tano aingie kupiga tena, kwa haki sasa, wakimbiaji wawili besini.

Huwezi kufuta pointi iliyotokana na mpira ule ukabaki na auti iliyotokana na mpira ule ule. Huo ni kula nyama na mifupa.

#11 KechaWaZamani
@KusiKaskazi hoja yako tamu, lakini kanuni haiko hivyo kila pahala. Kinachofutwa ni kusonga mbele na pointi. Vitabu vya shule za sekondari kule Marekani vyasema wazi kwamba auti zilizopatikana kwenye mchezo huo zabaki. Ndivyo nilivyofundishwa nilipokuwa kecha: timu iliyokosea isifaidike, na timu iliyokaba isinyang'anywe auti iliyoitolea jasho.

Kwa hiyo auti ya mwanzo, auti ya wa tatu pale nyumbani, auti ya wa nne. Tatu. Ampaya wa Jumamosi alihesabu hivyo.

#12 KusiKaskazi
Na kwenye besiboli ya kulipwa kule kule Marekani ni kinyume. Mwenye zamu ni auti peke yake, kila mtu mwingine anarudi alipokuwa. Hata kama asiye wa zamu alisababisha auti mbili kwa mpigo, zafutwa zote na inabaki ile moja. Kwa hiyo usiseme "kanuni" kana kwamba ni moja.

#13 KechaWaZamani
Besiboli ni besiboli. Sisi twazungumza softiboli.

#14 KusiKaskazi
Na mechi ilikuwa Malindi, si shule ya sekondari ya Marekani. Mwalimu, mlikubaliana kitabu gani kabla ya mechi?

#15 MwalimuMuyeye
Hatukukubaliana. Tulikubaliana iningi 7, mpira wa inchi 12, na maji ya kunywa kila timu ijiletee.

#16 PenseliNyekundu
Nimesoma mpaka hapa moyo wanidunda, kwa sababu mimi ni mwandishi wa alama na yalinikuta miaka michache nyuma. Si Malindi, kusini huko, sitataja.

Nilikuwa na daftari magotini. Kila mpigaji ana mstari wake, kila iningi ina kisanduku, na ndani ya kisanduku kuna almasi ndogo unayoichora mtu anapopita besi. Naweka penseli kwenye kisanduku cha wa saba, nainua macho, naona mgongo wa wa nane anaingia. Namba ya jezi naiona wazi. Natazama daftari, natazama jezi. Timu yenyewe ndiyo ya kwetu, mtoto wa dada yangu alikuwa wa tisa.

Sikusema kitu. Mwandishi haruhusiwi. Ampaya haruhusiwi. Anayetangaza kwa kipaza sauti haruhusiwi. Timu inayopiga yaweza kujirekebisha yenyewe mradi yule mtu bado anapiga, na timu inayokaba yaweza kudai. Sisi wengine twanyamaza. Wa nane akapiga, akafika besi ya 1, wapinzani wakaamka, wa saba akaitwa auti. Dada yangu hakuzungumza nami wiki nzima. Aliniambia, "Penseli ilikuwa mkononi mwako."

Hata leo naamini nilifanya sawa. Lakini nikiona mtoto akiitwa auti bila kupiga, naikumbuka ile penseli.

#17 MamaMahamri
Pole dada Penseli. Ulifanya sawa. Ungelisema, ungelisaidia upande mmoja.

#18 MpigaKushoto
Na mimi niongeze la kocha wa wapinzani, kwa sababu ndilo linaloniuma. Yule alijua mapema! Karatasi ilikuwa mkononi. Alimwona wa tano akiingia na akanyamaza makusudi. Angelisema pale pale, wa nne angeingia na hesabu ya bolu na straiki ilivyo, hakuna auti, hakuna kilio. Akangoja. Wa tano angekosa, angeendelea kunyamaza. Alipopiga vizuri ndipo akakumbuka karatasi. Huo ni uungwana?

#19 AmpayaMstaafu
Ni halali kabisa. Kila kocha mzuri anafanya hivyo. Asiye wa zamu akiwa auti kwa njia ya kawaida, huna haja ya kudai, auti unayo. Akifika besi, unadai. Kanuni imempa anayekaba nafasi hiyo kwa sababu kosa si lake.

#20 MpigaKushoto
Sikuuliza kama ni halali, Ami. Niliuliza kama ni uungwana. Hawa ni watoto wa kidato cha pili.

#21 KechaWaZamani
Watoto wa kidato cha pili ndio wanaofaa kujifunza. Mwaka ujao hakuna atakayewaambia "shika zamu yako mwanangu."

#22 MamaMahamri
Mimi naona ungelimwambia mtoto kwanza, mashindano baadaye. Mechi ya kirafiki jina lake ni kirafiki.

#23 BintiMambrui
Kocha yule hakujua mapema. Nilimwona. Aliyeligundua ni msichana wake mmoja wa benchi, mdogo kuliko wote, alikuwa anahesabu kwa vidole. Alimvuta kocha shati wakati wa tano ameshafika besi ya 2. Kwa hiyo MpigaKushoto usimtie mtu dhambi isiyo yake.

#24 MpigaKushoto
Kama ni hivyo namwondolea lawama. Na huyo wa vidole nampa heko.

#25 Mgeni_Watamu
Habari. Nimekulia kwenye kriketi na hii yanishangaza. Kwenye kriketi nahodha anamtuma amtakaye, leo wa tano kesho wa nane, hakuna anayedai. Kwa nini softiboli waiogope orodha hivi?

#26 AmpayaMstaafu
@Mgeni_Watamu kwa sababu kwenye kriketi ukitolewa umetolewa, hurudi kupiga katika iningi ile. Kwenye softiboli orodha yazunguka, yule yule atapiga mara tatu nne kwa mechi. Ukiruhusu kocha achague, atamleta mpigaji wake bora kila besi zikijaa, na yule dhaifu hataona gongo hata siku moja. Orodha ndiyo inayomlinda mtoto asiyejua kupiga.

#27 PenseliNyekundu
Hilo la #26 nitalibandika ndani ya daftari langu.

#28 KusiKaskazi
Kuonyesha kwamba hata wakubwa hukosea: tarehe 9 Mei 2018, New York Mets, timu ya besiboli ya kulipwa, walicheza ugenini na Cincinnati Reds. Iningi ya 1. Karatasi waliyompa ampaya ilisema Asdrúbal Cabrera ni wa 2 na Wilmer Flores ni wa 3. Uwanjani ikawa kinyume, Flores akapiga wa pili, akatolewa kwa straiki. Akaja Cabrera, akapiga mpira mzuri akafika besi ya 2. Hapo kocha wa Reds akatoka kudai.

Nani aliitwa auti? Wengi watasema Flores. La. Mrusho wa kwanza kwa Cabrera ulikuwa umeshamhalalisha Flores, ambaye kwenye karatasi ni wa 3. Kwa hiyo baada yake zamu ni ya wa 4, Jay Bruce. Bruce hajagusa sahani, na Bruce ndiye aliyeitwa auti. Mets wakafungwa 2–1 kwenye iningi ya 10.

Mwalimu, mwambie huyo binti wa nne kwamba Jay Bruce naye alikuwa amesimama vile vile.

#29 MwalimuMuyeye
Hili nitamwambia kesho. Nimelisoma mara tatu ndipo likaniingia.

#30 TuktukTisa
Nimelisoma mara tano halijaniingia, lakini naendelea.

#31 AmpayaMstaafu
Mfano mzuri Kusi, na waona, ni mantiki yangu ya #4. Mrusho unamhalalisha aliyepita, na orodha yahesabiwa kuanzia kwake.

#32 KusiKaskazi
Mantiki yako naikubali kama mrusho ulikuwepo. BintiMambrui asema haukuwepo. Na pale Cincinnati hakukuwa na mkimbiaji aliyetolewa nyumbani, kwa hiyo swali langu la #10 bado liko pale pale.

#33 FundiGlavu
Naona watu wamesahau chanzo. Kamba ya kiatu! Mwalimu, hapo bandarini nunua mshipi wa kuvulia, ule mnene wa samaki wakubwa, hata kole kole haukati. Mimi nashonea glavu kwa mshipi huo na zadumu. Kamba za dukani hazimalizi muhula kwenye mchanga wetu, chumvi inazila.

#34 MwalimuMuyeye
FundiGlavu, una glavu za mkono wa kushoto? Nina mtoto mmoja anadaka kwa glavu iliyogeuzwa, kidole gumba kiko mahali pa kidole kidogo.

#35 FundiGlavu
Ninayo moja ya zamani. Ngozi ya kiganja imechanika, nitaiziba. Ije Ngala jioni yoyote baada ya Alasiri. Bei tutaelewana, ni ya watoto.

#36 KechaWaZamani
Turudi kwenye uzi. Mwalimu, orodha yako ilikuwa na majina mangapi? Tisa au kumi?

#37 MwalimuMuyeye
Kumi. Nilitumia DP na FLEX kwa mara ya kwanza.

#38 KechaWaZamani
Nilijua! Hapo ndipo orodha nyingi zinapovurugika. DP anapiga ndani ya wale tisa badala ya FLEX, FLEX anaandikwa wa 10 chini kabisa na yeye anakaba tu, hana zamu ya kupiga mpaka aingie nafasi ya DP. Watoto wakiona majina kumi wanahesabu kumi. Mmoja anajihesabia mbele, mwingine nyuma. Inawezekana wa tano hakukosea kwa sababu ya kiatu, alikosea kwa sababu ya karatasi.

#39 BintiMambrui
Hata mimi nilimsikia akisema "mimi ndiye wa nne" alipokuwa anaingia. Kuna mtu alimwambia hivyo.

#40 MwalimuMuyeye
Subhanallah. DP wangu ni wa kwanza kwenye orodha. Nilipowasomea majina asubuhi nilianza na FLEX, nikisema "huyu hapigi", kisha nikaendelea. Waliomhesabu huyo wa FLEX wangejiona wamesogea mbele nafasi moja... Hapana, hiyo ingemfanya wa nne ajione wa tano. Na wa nne alipoinama kufunga kiatu hakuwa na haraka. Alidhani yuko mtu mbele yake! Na wa tano aliyeniambia yuko sawa hakuwa amehesabu, aliona tu sahani tupu.

Sijui tena.

#41 MamaMahamri
Usijitese mwalimu. Andika majina kwa kalamu nzito kwenye ubao, utundike benchi.

#42 AmpayaMstaafu
Ubao ni sahihi. Swali moja kwa mwalimu, litasaidia kujua ampaya yule aliifuata njia gani: iningi ya 7 alianza kupiga nani?

#43 MwalimuMuyeye
Wa tano. Alipiga juu, akadakwa na pitcha mwenyewe. Wa sita straiki tatu. Wa saba akatolewa besi ya 1.

#44 AmpayaMstaafu
Basi alikuwa na mpango kichwani. Aliyeitwa auti ni wa nne, anayemfuata ni wa tano. Angekuwa amebahatisha, angeanza na wa sita. Nampa heshima hiyo. Lakini nabaki pale pale, kama mpira uliachiwa kabla ya mkono, alichelewa kupokea dai.

#45 KechaWaZamani
Na mimi nabaki pale pale. Dai lilikuwa la wakati, auti tatu ni tatu.

#46 KusiKaskazi
Auti mbili. Wa tano apige tena, wakimbiaji wawili besini.

#47 Mgeni_Watamu
Kuna swali jingine. Kupiga kelele "karatasi!" ni kudai? Kocha alisema nini hasa? Kama aliomba kutazama tu, mimi ningesema dai halijaja mpaka aseme fulani kapiga nje ya zamu.

#48 AmpayaMstaafu
Swali zuri sana hilo. Mimi nilikuwa nangoja niambiwe kosa lenyewe. Kocha akija akiniuliza "nani anapiga sasa?" namjibu awasiliane na mwandishi wake. Sitamfungulia kosa asiloliona. Wengine walikuwa wakichukua kelele yoyote kuwa dai.

#49 PenseliNyekundu
Na mwandishi akiulizwa ajibu nini? Mimi niliulizwa siku ile. Nilisema jina lililo kwenye daftari na nikafumba mdomo.

#50 MpigaKushoto
Nje kidogo ya mada. Mwaona softiboli yarudi Olimpiki 2028 Los Angeles? Ilikuwepo 1996 mpaka 2008, ikatolewa, ikarudi Tokyo, Wajapani wakawafunga Wamarekani 2–0 fainali. Waliwafunga 2008 pia. Ningependa kuona msichana wa pwani pale siku moja.

#51 TuktukTisa
Awe anajua zamu yake.

#52 MpigaKushoto
Tuktuk umeanza kuujua mchezo!

#53 MwalimuMuyeye
Leo wa nne amekuja mazoezini. Hakusema kitu kwa nusu saa, alikuwa anaokota mipira. Nikamwambia habari ya Jay Bruce, nikamchorea mchangani kwa kijiti, wa 2 hapa, wa 3 hapa, wa 4 hapa. Akatazama, akafuta kwa mguu, akachora yetu mwenyewe. Halafu akaniuliza: "Mwalimu, kama mimi ningekaa chini tu nisiende kupiga, wangeniita auti?"

Nikamwambia ndiyo, wangeliweza kudai hata kama umekaa. Akasema, "Basi si kwa sababu niliingia." Naona hilo ndilo lililokuwa likimla. Alidhani angebaki benchi pointi ingepona.

Wa tano alimletea kamba za viatu. Za rangi ya waridi. Na glavu ya kushoto nimeipata, Fundi ahsante, mtoto hajaivua tangu jana.

#54 MamaMahamri
Mashallah. Jumamosi nitawaletea mahamri na mbaazi. Watoto ni wangapi?

#55 MwalimuMuyeye
Kumi na nne, mama. Na wapinzani wanakuja tena, tumeomba marudiano. Mara hii tutasoma kitabu pamoja kabla ya mrusho wa kwanza.

#56 KusiKaskazi
Kitabu gani?

#57 KechaWaZamani
Cha softiboli.

#58 BintiMambrui
Wadau, binamu yangu alikuwa anarekodi kwa simu, nimeipata video leo. Nimeitazama polepole. Pitcha anazungusha, kelele ya kocha, mpira waondoka. Lakini kecha ameinuka kidogo na bega lake limemficha ampaya kuanzia kiunoni. Mkono waonekana ukiwa juu tayari, haionekani ulipanda lini.

#59 AmpayaMstaafu
Na sauti? Ampaya lazima aseme neno la kusimamisha. Sikiliza kama limesemwa kabla ya mpira kuingia kwenye glavu.

#60 BintiMambrui
Nimeisikiliza mara nne na spika ya redio. Kusi ilikuwa inavuma siku ile. Kuna upepo, kuna mtu anacheka karibu na simu, halafu mpira unaingia kwenye glavu. Mwingine yeyote aliyerekodi kutoka upande wa besi ya 3?